Mazutu Katika Chemchemi ya Kinyana

Kwa uliyekosa gazeti la juma lililopita, habari ilifika hapa.

Pudentienne, binti wa Buyenzi kule Bujumbura, mpima maji wa mradi wa parokia jijini Kigali, alitumwa bonde la Kinyana, chini kidogo ya stendi ya mabasi ya Nyabugogo, kwa sababu chemchemi ya huko ilikuwa imeanza kunuka. Mvua za Machi 1993 ziliposhika, harufu ikawa ladha, na ladha ikawa ugonjwa. Watoto wakatapika, ngozi zikatoka malengelenge. Kichanga cha Illuminée, muuza mboga, kikafa.

Pudentienne akapima, akajua ni mazutu, dizeli ileile ya malori. Akafuata mteremko kwenda juu hadi akagota kwenye ua wa bohari ya mafuta ya mzee Habimana, iliyofungwa tangu vita vianze. Habimana akamwapia kwamba matangi yake ni makavu kiasi cha kuanikia mtama. Walinzi wake wakamfukuza kwa mbwa, yeye na shemeji yake Silvère, dereva wa mradi, aliyemwoa dada yake mkubwa.

Yaliyofuata amenisimulia Pudentienne mwenyewe, na ameniomba nisiyalainishe.

Asubuhi ile walisikia filimbi kabla hawajaona watu.

Gari lilipokata kona ya mwisho, wakaona bonde limejaa. Katikati ya watu, ukingoni mwa chemchemi, mwanamke mzee alikuwa amepigishwa magoti, kilemba kimeanguka, damu inamtiririka sikioni.

Alikuwa Mukagasana, mjane mwenye nyumba jirani na chemchemi. Ndiye aliyezoea kuondoa majani majini kila kulipokucha. Mwanawe, Rwema, alikuwa askari mlinzi kule boharini, na tangu mavuno yaliyopita hakuna aliyemwona. Watu walisema amevuka mpaka kujiunga na waasi, wale walioitwa mende. Kwa hiyo siku maji yalipoharibika, hakuna aliyejisumbua kutafuta mchawi mbali.

"Kunywa, mukecuru, kikongwe wee! Kunywa, mama wa mende! Si ndicho ulichotupikia?"

Mwenye kusema alikuwa Sebatware, mkubwa wa vijana wa chama cha siasa pale mtaani, ameshika rungu lililopigiliwa misumari. Mukagasana alikunywa. Akatapika. Wakamjazia bakuli tena.

Silvère hakuzima gari.

"Shemeji, tugeuze. Hapa hatuna ndugu."

"Ukigeuza, mimi nashuka."

"Dada yako ataniua."

"Basi kila mtu ana wa kumuua. Zima gari."

Alishuka akapenya katikati ya watu.

"Mwacheni mama huyu. Maji haya nimeyapima mimi."

Sebatware akamtazama kutoka viatuni hadi usoni. "Wewe Mrundi, ya hapa yanakuhusu nini?"

"Parokia imenituma."

"Na ukakuta sumu."

"Nimekuta mazutu. Haya niambie, mama huyu ana lori? Ana jenereta? Mazutu ataitoa wapi, na pale Nyabugogo mabasi yamelala kwa kuikosa?"

Watu wawili watatu wakacheka. Kicheko kile kilimponza. Rungu lilishuka begani kwake upande wa kushoto, na mkono mzima ukafa ganzi mpaka vidoleni. Alipiga goti moja. Misumari ilikuwa imetoboa sweta na kuingia nyamani.

"Cheka sasa," Sebatware akasema.

Pudentienne hakulia. Alisema kwa sauti ya juu, ili wa nyuma nao wasikie: "Mazutu haitoki hapa. Inashuka chini kwa chini kutoka mlimani. Nipeni nafasi nichimbe mbele yenu. Nikiipata ardhini huko juu, mama huyu hana hatia."

"Na usipoipata?"

Kabla hajajibu, Illuminée alijitokeza. Mgongoni bado alikuwa na kitambaa cha kubebea mtoto, kimefungwa, hakina mtu ndani.

"Mwacheni achimbe," akasema. "Nyinyi mna haraka ya kuua. Mimi nina haja ya kujua. Mtoto alikuwa wangu."

Hakuna aliyethubutu kumpinga. Hata Sebatware alitema mate pembeni.

"Chimba basi. Usipoipata, mtakunywa wote wawili mpaka mpasuke."

Walipanda kilima kama watu wanaokwenda kuzika. Vijana walimburura Mukagasana kwa mikono. Kwa kuwa bega la Pudentienne lilikuwa halinyanyuki, mchimbaji alikuwa Silvère.

Hapa Pudentienne alikosea. Alikumbuka wale mbwa, akaogopa kukaribia ua, akachagua mahali katikati ya mteremko. Silvère alichimba hadi shimo likamfika kiunoni. Udongo mwekundu, safi. Pudentienne aliuweka puani, akaunusa tena na tena. Hamna kitu.

Mnong'ono ukapita.

Sebatware alimsukuma Mukagasana, akaanguka kifudifudi kwenye lundo la udongo. "Shimo lenyewe linatosha," akasema. "Halitapotea bure."

"Si hapa! Ni pale juu, chini ya ua! Tazameni majani!"

Kweli, kutoka kwenye ua wa bohari majani yalikuwa yamekauka kwa mkanda mmoja mwembamba, manjano katikati ya kijani cha masika, kama njia waliyopita siafu. Illuminée ndiye aliyeanza kupanda kuelekea huko. Wengine wakamfuata.

Shimo la pili halikufika gotini. Jembe lilipozama, harufu ilipanda ikawajia wote usoni. Silvère alirudi nyuma akikohoa. Maji yakaanza kujikusanya ndani ya shimo, na juu ya maji kuna kitu kinang'aa.

Pudentienne alichota kwa chupa ya jemu, akaiinua kwenye mwanga. Chini yalikaa maji, machafu ya udongo. Juu ilikaa mazutu, unene wa vidole viwili, rangi ya asali.

"Nuseni. Pitishaneni."

Chupa ilizunguka. Dereva mmoja wa Nyabugogo alichovya kidole, akakisugua kwa dole gumba.

"Hii iko mazutu kabisa. Tena iko muzuri, naweza yiweka ndani ya motere ya basi leo."

"Ndiyo shida yenyewe," Pudentienne akasema. "Mazutu ikikaa ardhini miaka, inakuwa nyeusi, inanuka uvundo. Hii ni mpya. Imetoka tangini juzi na inaendelea kutoka. Hayo matangi si makavu."

Hapo ndipo alipopaswa kunyamaza, aliniambia. Alitaka kumtetea mtu mmoja tu, na neno likamponyoka likaenda kufanya kazi yake lenyewe.

"Basi yamejaa!" yule dereva akapiga kelele. "Sisi tunalala juu ya foleni, Habimana anatuficha mazutu!"

Umati ule ambao dakika chache nyuma ulitaka damu ya bibi kizee, uligeuka wote kwa pamoja. Ua ulikuwa wa mabati na nguzo za mikaratusi. Uliyumba mara moja, ukalala.

Ndani, walinzi walipiga risasi. Yule dereva aliyenusa mazutu alianguka wa kwanza, amejishika tumbo. Msichana mmoja alipigwa shingoni, akaketi chini kama aliyechoka, asiinuke tena. Lakini watu wa nyuma hawakuona, walisukuma tu. Mbwa waliuawa kwa mawe. Mlinzi mmoja aliruka ua wa upande wa pili akakimbia. Mwenzake aliteleza, na Pudentienne aliona majembe yakipanda na kushuka, yakipanda na kushuka, mpaka kilichokuwa chini hakikuwa tena na umbo la mtu.

"Acheni!" alipiga kelele. "Acheni, jamani!"

Ni kama alikuwa anakemea mvua.

Kisha ukafuata utulivu wa ajabu. Watu walikuwa wamepata bomba la tangi kubwa. Madumu yakatokea, ndoo, sufuria, hata beseni la kuogeshea watoto. Walikanyaga maiti wakipanga foleni.

Pudentienne alimshika Silvère mkono. "Twende nyuma. Nataka kuona linakovujia."

Mukagasana aliwafuata akichechemea, kwa kuogopa kubaki peke yake. Sebatware naye akaja, rungu begani. Alikuwa mtu wa Habimana, chama chake kililishwa na Habimana, na sasa hakujua asimame upande gani. Basi akafuata tu miguu ya wengine.

Nyuma ya tangi ardhi ilikuwa tope zito linalonuka. Ubavuni mwa tangi mlikuwa na matundu matano au sita, yamezibwa kwa vigingi vya mti na sabuni ya kufulia, jinsi madereva wanavyoziba tangi lililotoboka njiani. Sabuni ilikuwa imelika. Mazutu ilikuwa ikichuruzika polepole, mstari baada ya mstari.

Silvère alipitisha kidole kwenye tundu moja.

"Chuma kimeingia ndani, shemeji. Hizi ni risasi. Tena tazama zilipo."

Zilikuwa kwenye urefu wa kifua cha mtu aliyesimama.

Pudentienne alionyesha tope chini ya matundu. "Chimba hapo chini. Taratibu."

Jembe halikwenda mbali kabla ya kunasa kitu laini. Silvère aliliweka kando, akafukua kwa mikono. Ikatokea sweta ya kijani, imelowa mazutu. Ndani ya sweta kulikuwa na mtu.

Kisha Mukagasana alichuchumaa, akashika mkono mmoja wa sweta, akaupangusa tope kwa kidole gumba.

"Mkono huu mfupi," akasema. "Nilikosea kuhesabu mishono. Akaniambia, mama, acha tu, nitakuwa naukunja."

Ndipo sauti ikamtoka. Pudentienne alisema hakuwahi kuisikia sauti kama ile, na angeomba asiisikie tena.

Ilipopungua, mama yule alieleza kwa vipande vipande. Rwema alimwambia kwamba malori yanakuja kwa njia ya Kabuga, yanajaza matangi wakati mji umelala. Alisema patroni, yaani Habimana, amemwonya asiseme. Alisema anaogopa. Halafu hakurudi, na watu wakaja kumwambia mwanao amevuka.

"Nikanyamaza," akasema. "Nikasema heri awe amevuka."

Pudentienne alitazama matundu, akatazama tope, akatazama mteremko unaoshuka hadi chemchemini. Akaelewa yote kwa mara moja. Risasi zilizompita Rwema ndizo zilizolitoboa tangi. Damu yake na mazutu viliingia ardhini pamoja, vikashuka polepole msimu mzima, mvua ikavisukuma, hadi ndani ya bakuli alilonyweshwa mama yake.

Sebatware alikuwa amesimama kama gogo.

"Sweta hiyo naijua," akasema. "Tulikuwa tunacheza mpira timu moja. Yeye golini." Alimtazama Mukagasana, sikio lililochanika, macho yaliyovimba kwa makofi yake. "Patroni aliniambia amevuka. Ndiyo maana mimi…"

Honi ililia langoni.

Habimana aliingia na gari lake jeupe la mizigo, amekaa mbele karibu na dereva, walinzi wanne wenye bunduki nyuma. Alikuwa mtu wa suti, mtu wa kutopandisha sauti. Alishuka akizunguka madimbwi asichafue viatu, akaja moja kwa moja nyuma ya tangi, kama mtu anayejua anachokwenda kukuta.

"Mademoiselle," akamwambia Pudentienne, "nilikueleza matangi ni makavu. Ungeniamini, watu hawa wangekuwa hai."

Sebatware akamwendea. "Patroni, Rwema alivuka mpaka?"

"Alivuka."

"Na huyu ni nani?"

"Simjui. Maiti ni nyingi siku hizi. Weka chini hilo rungu."

"Uliniambia alivuka! Nimempiga mama yake! Nimempiga mama aliyekuwa ananipa uji!"

Aliinua rungu. Habimana hakukwepa, hakuhitaji. Mlinzi alipiga risasi mara mbili, na Sebatware alianguka kwenye tope lilelile, uso wake karibu na ile sweta. Miguu ilisukuma tope kidogo, kisha ikatulia.

Madumu yakaacha kulia. Watu wote waligeuka.

Habimana alipanda juu ya kizingiti cha saruji ili aonekane.

"Ndugu zangu," akasema taratibu, "kwa nini mnajazana kwa woga kama wezi? Mazutu ni yenu. Niliwawekea akiba, mzee wenu, kwa siku mbaya. Jazeni. Chukueni. Hakuna atakayewauliza."

Watu wakatazamana.

"Lakini aliyewaulia watoto yuko hapa. Amekuja na chupa zake na mashimo yake, akawachonganisha mpaka ndugu zenu wamekufa. Nani alikuwa wa kwanza kusema mazutu? Alijuaje?" Alimnyooshea Pudentienne kidole. "Huyu na kikongwe huyu. Mnaondokaje hapa na madumu yamejaa, na wenye sumu mmewaacha nyuma?"

"Mlikuwepo!" Pudentienne alipaza sauti. "Mliona shimo! Mlinusa wenyewe!"

Akatafuta macho ya mtu hata mmoja. Kila mtu alikuwa anatazama dumu lake. Mtu aliyebeba dumu lililojaa huwa mzito wa kukumbuka.

Walinzi wawili walimshika. Wa tatu alimkamata Mukagasana kwa nywele.

"Waachieni," sauti ikasema. "Ni mimi."

Alikuwa Silvère. Mikono ilikuwa imejaa tope mpaka viwikoni.

"Ni mimi niliyemwaga mazutu chemchemini. Mazutu ya gari la mradi. Wanawake hawa hawajui lolote."

"Shemeji, unasema nini!"

Silvère hakumtazama. "Nilitumwa. Nitasema nani alinituma, ila mpaka wanawake hawa wawe wameondoka."

Habimana alijua fika kwamba ni uongo. Pudentienne aliona anavyojua, na aliona anavyotabasamu, kama mtu aliyeletewa zawadi mlangoni.

"Mmesikia?" akauliza umati. "Amesema kwa kinywa chake mwenyewe."

Mnong'ono ulipanda, ukawa kelele. Wengi walifurahi, ilionekana usoni. Sasa waliweza kwenda na mazutu yao na muuaji wao pia. Jiwe lilitoka nyuma, likampata Silvère mdomoni. La pili likampata kwenye jicho. Walinzi walimpiga kwa vitako vya bunduki mpaka akapiga magoti, wakamfunga mikono kwa waya, wakamtupa nyuma ya lile gari jeupe kama gunia la mkaa.

Pudentienne alijinyofoa, akakimbilia gari kwa mkono mmoja uliokuwa mzima.

"Anadanganya! Anasema hivyo kwa ajili yangu! Nichukueni mimi!"

Kitako cha bunduki kilimpata mbavuni. Alipoanguka, uso wake ukawa usawa na ubao wa gari, na mle ndani Silvère alikuwa anamtazama kwa jicho lililobaki.

"Mpeleke mama huyu kule Gahanga," akasema kwa mdomo uliojaa damu. "Kwa wifi yake Kankindi, amenitajia mwenyewe. Usipite barabara kubwa. Ufunguo wa gari letu uko mfukoni mwa koti langu, kwenye kiti."

"Shemeji…"

"Nenda, Puda. Dada yako atakuuliza. Mwambie nilikubishia kwanza."

Habimana alipanda mbele, injini ikawaka. Umati ukafungua njia kufika langoni.

Wote isipokuwa mtu mmoja.

Illuminée alikuwa amesimama katikati ya lango lililobomoka. Hakuwa na dumu. Alikuwa mtu pekee mle ndani asiyebeba kitu. Taratibu, kama mtu anayekaa jikoni kumenya viazi, akaketi chini mbele ya gurudumu, akakunja miguu.

"Ondoka, mama," dereva akasema kupitia dirishani.

"Mtoto nilimzaa mimi," Illuminée akasema. "Nilimzika mimi. Hakuna atakayenichagulia muuaji wake. Nimeliona shimo. Nimeinusa chupa. Aliyeniulia mtoto wangu hayuko nyuma ya gari, yuko mbele, amevaa suti."

Alisema kwa sauti ya kawaida, lakini kila mtu alisikia. Mahali fulani nyuma, mtu mmoja aliweka dumu lake chini. Kisha mwingine.

Dereva aligeuka kumtazama mzee wake.

Habimana aliwatazama wale walioweka madumu chini, mmoja baada ya mwingine, akawakariri sura. Kisha akafunga kioo cha dirisha.

"Pita," akasema.

Dereva akatia gia.

Itaendelea juma lijalo.